Tunauza vyumba au tunauza kuta?

Jioni moja mwanzoni mwa likizo ya Agosti, jirani yangu wa ghorofa ya tatu alibisha mlangoni pangu akiwa ameshika karatasi ya grafu iliyochorwa kwa penseli. Yeye ni mwalimu wa Hisabati katika shule moja ya upili iliyo njiani kuelekea Thika, kijana mpole mwenye mke na mtoto mmoja. Mimi ni mwalimu mstaafu na, kwa kuwa hakupatikana mwingine aliyeikubali kazi hiyo, ndimi katibu wa chama cha wenye fleti katika jengo letu la hapa Ruiru.

"Mwalimu, nataka kuongeza chumba," aliniambia hata kabla ya kuketi.

Nikamuuliza atakiongezea wapi, maana fleti zetu zote ni za chumba kimoja cha kulala, sebule, jikoni, bafu na kijiroshani cha kuanikia nguo. Akaitandaza karatasi yake mezani. Sebule ya fleti yake ina urefu wa mita 5 na upana wa mita 3.6. Alikuwa ameikata kwa ukuta mmoja, akapata chumba cha kulala cha upana wa mita 2.2. Kisha roshani ameizungushia mawe na kuitia dirisha, iwe kipande cha sebule kufidia kilichokatwa. Amepandishwa cheo, anahamishwa kaunti nyingine, na dalali amemweleza kwamba fleti ya chumba kimoja hukaa sokoni hadi mwenyewe akaisahau, ilhali ya vyumba viwili hununuliwa kabla rangi haijakauka. Fundi amekwisha kupatikana. Kilichobaki ni sahihi ya katibu.

Sikutia sahihi. Wala sikukataa. Nilimwomba aniachie karatasi, nikamwahidi kwamba jambo hilo tutalijadili katika mkutano wa wenye fleti siku ya Jumamosi. Tangu hapo nimekuwa nikilitafakari, na kadiri ninavyolitafakari ndivyo ninavyoona kwamba si jambo la jirani yangu peke yake. Atembeaye leo kutoka Githurai hadi Makongeni atasikia nyundo za mafundi ndani ya majengo ambayo kwa nje yanaonekana yamekwisha kukamilika zamani.

Kabla msomaji hajanihukumu kuwa ni mzee wa kuwazibia vijana riziki, hebu tukumbushane jinsi tulivyofika hapa. Mtu wa umri wangu anaikumbuka Ruiru ya mibuni. Kituo cha utafiti wa kahawa kilichoko huku ndicho kilichoipa dunia aina ya mbuni inayoitwa Ruiru 11 katika miaka ya 1980, na aliyesema "naenda Ruiru" alikuwa anakwenda mashambani. Thika ndiyo iliyokuwa mji: mji wa viwanda, wa mananasi, wa king'ora cha zamu ya asubuhi. Kisha ikaja barabara kuu ya Thika, iliyojengwa kuanzia mwaka wa 2009 na kufunguliwa na Rais Mwai Kibaki mnamo Novemba 2012, umbali wa kilomita 50 hivi kutoka Nairobi. Safari iliyokuwa ikimla mtu asubuhi nzima ikawa fupi, na mashamba ya kahawa yakaanza kukatwa ploti. Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2009, mji wa Ruiru ulikuwa na watu wasiofika 240,000. Hesabu ya mwaka wa 2019 ikawakuta zaidi ya 490,000, mji wa nne nchini kwa wingi wa watu baada ya Nairobi, Mombasa na Nakuru, ukiwa umeipita hata miji ya Eldoret na Kisumu. Thika ilihesabiwa kuwa na watu wapatao 250,000.

Watu wanapoongezeka maradufu kwa mwongo mmoja, wajenzi hujenga kile kinachouzika haraka zaidi, nacho ni kidogo kidogo: bedsita, kisha chumba kimoja na sebule. Waliozinunua walikuwa vijana. Sasa vijana hao wameoa, wamezaa, na watoto wamefika umri wa kutengana vitanda. Wengine wanataka kuuza wahame. Ardhi ya kupanukia hawana. Walichonacho ni sebule.

Sasa turejee kwenye ile karatasi ya grafu, maana walimu wenzangu wa Hisabati watanisamehe nikiifanya kuwa somo. Sebule ya mita 5 kwa 3.6 ni mita mraba 18. Ukuta wa mawe ya inchi sita hula sentimita 15 za urefu huo. Chumba kipya kinachukua mita mraba 7.9. Kinachosalia kuwa sebule ni mita mraba 9 na nusu, ambamo lazima upite mlango wa kuingilia, mlango wa jikoni, mlango wa chumba cha zamani na sasa mlango wa chumba kipya. Weka kochi la watu watatu, meza na televisheni, kisha unionyeshe mahali mtoto atakapofungulia daftari.

Ukuta wenyewe je? Urefu wa mita 3.6, kimo cha mita 2.7, unene wa sentimita 15. Toa nafasi ya mlango. Hubaki mita za ujazo 1.2 hivi za jiwe. Mawe yetu ya Ndarugu, ambayo ndiyo yaliyojenga nusu ya miji hii, ukiyachanganya na saruji na lipu, huwa na uzito wa takriban tani mbili kwa kila mita ya ujazo. Jirani yangu basi alikuwa anapanga kupandisha tani mbili na nusu hadi ghorofa ya tatu na kuzisimamisha katika mstari mmoja, katikati ya sakafu ambayo mhandisi aliihesabia watu na samani. Kipimo kilichozoeleka cha sakafu ya makazi katika uhandisi wetu, tuliourithi kwa Waingereza, ni kilo 150 hivi kwa kila mita mraba. Ukuta wake ungeweka takriban kilo 700 kwa kila mita ya urefu wake. Huenda sakafu ikastahimili, kwa kuwa wahandisi huacha akiba. Lakini akiba hiyo haikuwekwa kwa ajili ya jirani yangu peke yake. Na kama ghorofa ya pili na ya nne nao wamesikia habari za dalali?

Nilipomwonyesha hesabu hiyo siku iliyofuata alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa unyenyekevu kwamba hakuwa ameitazama kwa upande huo; alikuwa amehesabu pesa. Simlaumu. Soko letu halimfundishi mtu kuitazama nyumba kwa upande huo. Katika nchi nyingine nyumba huuzwa kwa mita mraba, na anayeipasua sebule yake mara mbili hajaongeza hata sentimita moja ya kuuza. Sisi tunahesabu milango. Tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya stima husema "vyumba viwili" na nambari ya simu, basi. Halisemi ukubwa, halisemi dirisha linaelekea wapi, halisemi kama chumba cha pili kilizaliwa pamoja na jengo au kilipachikwa wakati wa likizo. Ndiyo maana ukuta mmoja unaweza kupandisha bei. Ukiuchunguza kwa makini utaona kwamba haukuleta kitu ambacho hakikuwamo. Umechota nafasi kwa mtoto wa sebuleni, umechota nguvu kwa sakafu ya wote, na umechota mwanga, kwa kuwa sebule ya namna hii aghalabu ina dirisha moja tu. Likienda kwa chumba kipya, sebule inawashiwa taa saa nane mchana. Likibaki sebuleni, chumba kipya kinakuwa stoo yenye kitanda. Kanuni za ujenzi za mwaka wa 1968, tulizozitumia kwa zaidi ya nusu karne hadi zikabadilishwa na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka wa 2024, zilijua jambo hilo: chumba cha kukaliwa na watu lazima kipate hewa na mwanga kutoka nje.

Hapa ninapaswa kukiri jambo, maana mwenye kunyoosha kidole na aonyeshe pia mkono wake. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza ukuta.

Mwaka wa 2011 nilikuwa na fleti ndogo Thika, ya chumba kimoja. Mwanangu alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa darasa la nane na dada yake alikuwa amekuwa msichana mkubwa. Nilimwita fundi tukapasua sebule. Kwa mahitaji yetu ya wakati ule ulikuwa ukuta wa heri: kijana alipata pa kusomea, msichana alipata mlango wa kufunga, na mimi na mama yao tuliacha kunong'ona usiku. Mwaka wa 2016 nilipoiuza, dalali aliandika "vyumba viwili", nami nikaona ni kweli, kwani si viwili? Sikusema uongo. Sikusema pia kwamba ramani iliyoidhinishwa ilikuwa na kimoja. Mnunuzi hakuuliza. Alilipa kwa akiba zake na mkopo wa chama cha ushirika, tukapeana mikono, nami nikaja zangu Ruiru.

Miaka kadhaa baadaye simu yangu ililia. Mnunuzi wangu alikuwa ameomba mkopo wa kulipia karo ya chuo kikuu ya bintiye kwa dhamana ya ile fleti. Mkadiriaji wa thamani alikwenda, akapima, akalinganisha na ramani, akaandika katika ripoti yake kwamba ni fleti ya chumba kimoja yenye ukuta usioidhinishwa. Thamani ikashuka chini ya bei niliyomuuzia. Kwa sauti ya adabu kabisa, sauti iliyonichoma kuliko matusi, aliniuliza: "Mwalimu, uliniuzia vyumba viwili au kimoja?"

Sina hakika kwamba nimewahi kuulizwa swali gumu zaidi, hata na wakaguzi wa shule.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niione biashara hii ya kuongeza chumba ili kupandisha bei kuwa imejengwa juu ya jambo moja: kwamba hakuna anayetazama ramani. Kwa muda mrefu dhana hiyo ilikuwa sahihi. Mkopo wa nyumba wa benki ni kitu adimu nchini. Mwishoni mwa mwaka wa 2023 Kenya nzima ilikuwa na mikopo ya namna hiyo takribani 30,000 tu. Benki ikikopesha kwa dhamana ya nyumba, hupeleka mkadiriaji na wakili, na hao husoma karatasi. Mwalimu anayenunua kwa pesa za shamba aliloliuza, au kwa mkopo wa ushirika unaodhaminiwa na wenzake wa chumba cha walimu, hana jicho hilo la pili. Hutazama vigae, hufungua mfereji, husikiza kama maji yanatoka. Mkopo unapokuwa nadra, mkaguzi naye huwa nadra.

Lakini mambo yanabadilika, na wauzaji wa kuta hawajapata habari. Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka wa 2020, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka wa 1987, imekusudia kila mwenye fleti awe na hati miliki ya fleti yake, nao wenyewe kwa pamoja wawe shirika linalosimamia mali ya pamoja. Zile hati za zamani za kukodishiwa kwa miaka mingi zinapaswa kugeuzwa. Ili zigeuzwe, mpima ardhi huja, na ramani ya jengo husajiliwa. Kila nyumba inayopitia mlango huo inakutana na yule mgeni ambaye mimi na mnunuzi wangu tulimkwepa mwaka wa 2016.

Sheria hiyo ina mambo mawili ambayo ningependa kila mwenye fleti ayajue hata kama hatasoma mengine. La kwanza ni kwamba, isipokuwa ramani iseme vingine, mpaka wa fleti yako unapita katikati ya unene wa ukuta, wa sakafu na wa dari. Nusu ya nje ya ukuta wa nje si yako, ni ya wote. Anayeizungushia roshani mawe anajenga, kwa kiasi fulani, juu ya mali ya majirani zake. La pili ni kwamba kila fleti ina haki ya kuegemezwa na nyingine. Ya juu inaegemea ya chini, ya kati inaegemea za ubavuni. Ni haki nzuri sana kuifikiria unapolala, na ni deni pia. Isitoshe, Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019 inasema anayeanza ujenzi bila idhini ya kaunti anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi 500,000, au kufungwa hadi miezi miwili, au yote mawili. Mawakili wanaweza kubishana iwapo ukuta wa ndani ni ujenzi kwa maana ya sheria hiyo. Kuhusu roshani iliyozibwa kwa mawe sioni cha kubishania.

Kuna msomaji atakayenikumbusha kwamba Wakenya wamekuwa wakiongeza vyumba tangu zamani na mbingu hazijaanguka. Ni kweli, na historia hiyo inastahili kuheshimiwa. Dandora ilianzishwa katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kwa wazo hilo hilo: mtu apewe ploti yenye maji na choo, vyumba ajijengee mwenyewe kadiri ya uwezo wake. Mtaa wa Umoja nao, uliofadhiliwa na Marekani katika miaka iyo hiyo, ulianza na nyumba ndogo zilizotarajiwa kupanuka. Buruburu haikukusudiwa hivyo, bali wenye nyumba hawakungoja kuruhusiwa. Leo mitaa yake imejaa vyumba vya nyongeza na maduka yaliyosimama mahali palipokuwa na bustani za mbele. Tofauti ni kwamba wote hao walikuwa na ardhi chini ya miguu yao. Aliyeongeza chumba vibaya kilimwangukia yeye. Mwenye fleti ya ghorofa ya tatu hana ardhi. Anamiliki hewa iliyozungukwa na majirani, na mzigo anaouongeza hushuka kwa mtu mwingine.

Sitaki kuwatisha watu kwa maporomoko. Jengo la Huruma lililoanguka usiku wa Aprili 29, 2016 na kuwaua watu zaidi ya 40 halikuangushwa na ukuta wa chumba cha kulala. Lilijengwa bila idhini, kando ya mto, na mvua ikalimaliza. Lile la Kirigiti, katika kaunti yetu hii ya Kiambu, liliporomoka Septemba 2022 likiwa bado linajengwa. Ila ikiwa msomaji anataka mfano wa kile ambacho mabadiliko ya baadaye yanaweza kufanya, na atazame Seoul, Korea Kusini, ambako duka kubwa la Sampoong liliporomoka Juni 29, 1995 na kuwaua watu 502. Jengo lilibadilishwa matumizi, likaongezewa ghorofa ya tano, nguzo zikapunguzwa kupisha ngazi za umeme, na mitambo mizito ikawekwa paani. Kila badiliko kwa upande wake lilikuwa na mtu aliyeona kwamba lina faida.

Wanafunzi wa vyuo wanaosoma safu hii hawahitaji kuelezwa zaidi juu ya ukuta wa biashara, maana wanalala nyuma yake. Kati ya Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja na Chuo Kikuu cha Mount Kenya pale Thika, mwenye nyumba akigundua kwamba chumba kimoja kinaweza kuwa viwili kwa mbao nyembamba na misumari, halali. Kijana hulipa kodi ya chumba kizima, akapata nusu ya chumba na nusu ya dirisha. Anazijua saa za jirani yake kukoroma. Akipika kwa gesi humo ndani, hewa ni ile ile anayoilalia. Na sisi walimu hushangaa kwa nini mwanafunzi mwerevu anasinzia kipindi cha kwanza.

Turudi kwa pesa, kwa kuwa jirani yangu alihesabu pesa, na haki ni kumjibu kwa lugha yake. Serikali hutoza kodi ya asilimia 15 kwa faida ya kuuza mali isiyohamishika, kiwango kilichoanza Januari 2023; awali kilikuwa asilimia 5. Anayeuza nyumba aliyoishi mwenyewe mfululizo kwa miaka mitatu kabla ya kuiuza husamehewa. Jirani yangu ameishi humu miaka miwili na miezi kadhaa. Gharama za kuiboresha nyumba huruhusiwa kupunguzwa katika faida hiyo, mradi zithibitishwe kwa stakabadhi, nasi sote tunamfahamu fundi wetu: stakabadhi yake ni neno "Sawa, mkubwa". Kwa hiyo atalipa fundi, atalipa mawe, atalipa dalali, kisha atalipa kodi juu ya ongezeko lile lile alilolinunua kwa jasho lake bila risiti. Tulipokaa na kalamu, ile faida aliyoahidiwa na dalali ilipungua hadi ikawa kitu ambacho subira ya miezi michache ingemletea bila kuvunja tofali. Nadhani hesabu hii ndiyo iliyomgusa zaidi kuliko ile ya tani.

Je, ninasema watu wasipasue sebule zao? La hasha. Familia yenye mvulana na msichana wanaokua inahitaji milango miwili, na hakuna sheria ya kistaarabu inayoweza kuwaambia wazazi wangoje hadi waweze kununua nyumba kubwa. Ninachosema ni kwamba ukuta wa kuishi na ukuta wa kuuza si kitu kimoja. Ukuta wa kuishi unaweza kuwa wa jasi na fremu ya chuma nyepesi. Kwa ukubwa ule ule wa jirani yangu hauzidi kilo 200 hivi, takriban uzito wa watu watatu walioketi, na siku kijana akienda zake unang'olewa na sebule hurudi. Hauhitaji kugusa roshani. Unaweza kuachiwa kioo sehemu ya juu ili mwanga uvuke. Anayeuza nyumba yenye ukuta huo anaweza kusema wazi ndani ya mkataba kwamba ni fleti ya chumba kimoja iliyotenganishwa, na mnunuzi akaamua mwenyewe kama jambo hilo lina thamani kwake. Huenda bei isipae sana, lakini simu haitalia baada ya miaka mitano.

Lawama nyingine ni ya kaunti. Mwalimu anayetaka kufanya jambo hili kwa njia halali hukabiliwa na safari ya msanifu, mhandisi, ada na foleni ambazo ziliundwa kwa ajili ya mtu anayejenga ghorofa kumi. Kazi ya siku nne inadai idhini ya wiki nyingi. Basi anangoja likizo, mlinzi anapewa cha chai, na mawe yanapanda ngazi usiku. Kungekuwa na fomu moja ya kurasa mbili kwa mabadiliko madogo ya ndani, yenye barua ya mhandisi na ada ambayo mshahara wa mwalimu unaweza kuibeba, naamini wengi wangepiga foleni mchana kweupe. Sote tunaopokea mishahara tumekuwa tukikatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu chini ya sheria ya Machi 2024. Nyumba hizo nyingi ni ndogo. Mwenye kununua mojawapo haruhusiwi kuiuza bila idhini ya maandishi ya bodi, kwa hiyo huko hapatakuwa na haraka ya dalali. Lakini watoto watakua humo pia, na sijasikia waziri yeyote akieleza fundi atakapobisha hodi ataambiwa nini.

Jumamosi tutakutana katika uwanja wa kuegesha magari, viti vya plastiki vikiazimwa kanisani. Nimeiandika ajenda. Nitapendekeza mhandisi mmoja aitwe kwa gharama ya shirika, alikague jengo zima, na atueleze ni kuta ngapi zimekwisha kupachikwa humu kimya kimya. Nasikia si chini ya tatu. Nitapendekeza roshani zisizibwe. Ukuta wa jasi wa jirani yangu, ikiwa bado anautaka, nitauunga mkono.

Jana alinipata ngazini, vitabu vya wanafunzi vimemjaa mikononi. Ameahirisha kuuza hadi atimize miaka mitatu. Kisha, kwa ule ujasiri wa mtu aliyezoea kuuliza "hatua inayofuata ni ipi?", akaniuliza yule mnunuzi wa Thika nilimfanyia nini.

Nilimweleza ukweli. Tulikubaliana nimlipie mhandisi na ada za kuuhalalisha ule ukuta, au kuubomoa endapo mhandisi ataukataa. Mhandisi alikwenda wiki mbili zilizopita. Bado tunangoja barua yake.